Ubao Ulionukia Harusi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya kiwanda, nusu ya ubao mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto, na wageni wa Reli wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza asipate tabu. Naitwa Zebedayo, mtoto wa Bumbuli. Nimesoma kemia Makerere. Baba yangu alitaka niwe mwalimu. Mimi nikashuka Tanga, nikaomba kazi katika kiwanda cha kamba cha Bwana Kosti, Mgiriki, nyuma ya mtaa wa Mabawa. Nikapewa chumba kimoja, presi kuukuu ya mvuke, na ruhusa ya kujaribu kitu nilichokuwa nakiota tangu shuleni: mbao za mkonge.

Si mbao za mti. Unachukua singa za katani, yaani nyuzi za mkonge, zilizochanwa, unazipanga safu juu ya safu, hizi zimelala, hizi zimekatiza. Unazilowesha gundi nyekundu yenye harufu ya hospitali. Unaziacha zikauke, unaziingiza katikati ya vyuma vya moto, unabana. Ukifungua unapata kitu kimoja, kigumu, chepesi, kisicholiwa na mchwa.

Reli walitaka kitu kama hicho kwa kuta za mabehewa ya daraja la tatu. Walimtuma Bwana Noronha, Mgoa, fundi mkuu wa mabehewa, aje kuona. Alikuja na wenzake. Tukafungua presi mbele yao. Bwana Noronha akaushika ubao, akaukunja kidogo tu, ukaachana safu kwa safu kama chapati ya kusukuma.

Na zaidi ya hapo, ulinukia. Mmoja wa wageni aliuliza kama tunatengeneza mbao au manukato.

Bwana Kosti hakucheka. Alingoja gari la wageni litoke getini, akaniambia, "Noronha anakwenda Korogwe. Jumamosi anapita hapa tena kabla ya treni. Mimi nataka jina la mtu aliyeharibu ubao. Wewe leta jina, au mimi nauza presi."

Hapo ndipo tunapoanzia leo. Na mnakumbuka nilimshuku nani: Laurenti, mwendesha presi, aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba Makerere hawafundishi kushika spana.

Basi nilimwendea.

"Laurenti, ulifungua presi kabla ya wakati?"

Alikuwa amekaa juu ya robota la katani, anakula muhogo wa kuchoma. Hakuinuka.

"Kaka, hata habari za kazi hakuna? Unanijia na kesi moja kwa moja?"

"Ubao umeachana. Ama moto haukutosha, ama muda haukutosha. Vyote viwili viko mikononi mwako."

"Kweli, viko mikononi mwangu. Na la tatu?"

"La tatu lipi?"

Akafuta vidole kwenye kaptula, akaokota kipande cha ubao uliovunjika, akakisogeza puani mwangu.

"Nusa."

Nilitegemea harufu ya gundi, ile iliyowafanya akina mama wa chumba cha brashi waziite mbao zangu "wagonjwa." Nikapata asumini. Asumini na maua ya kilua, na chini yake kitu kizito, cha jikoni.

"Siku ile nilipofungua presi," Laurenti akasema, "ule moshi uliponipiga usoni nilidhani nimekosea mlango, nimeingia harusini Makorora. Nikajisemea, labda hii ndiyo Makerere mpya. Ningekuuliza saa ngapi? Wewe ulikuwa unasema Kiingereza na wageni."

Nikaenda kwenye fungu dogo la singa zilizobaki. Zilikuwa zinang'aa. Siku ya wageni niliziona ziking'aa vile vile nikafurahi, nikadhani ni usafi.

Nilichovya kidole majini, nikadondosha tone juu yake. Singa kavu hunywa maji. Tone lile lilikaa juu kama shanga, likabingirika, likaanguka sakafuni.

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta ya nazi. Ya kichwa. Mke wangu angenukia hivi nisingekuwa nakuja kazini."

"Nisamehe, Laurenti."

"Samahani yako uilete na muhogo mwingine. Huu umepoa nikijibu kesi."

Chumba cha brashi ni mahali pa vumbi. Katani inaingizwa kwenye mashine yenye meno, singa zinanyooka, na vumbi lake linaruka mpaka darini. Akina mama hujifunga khanga puani. Mkuu wao ni Mama Mastura wa Makorora, mwanamke wa mwili na sauti. Mchana anachana katani. Akitoka kazini yeye ni somo: anawafunda wari na kuwapamba maharusi. Nusu ya wake za watu wa Makorora wamepita mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekupauka? Hujala?"

"Mama, nani alizitia mafuta singa za siku ya wageni?"

Mtu akazima mashine.

Mama Mastura akashusha khanga puani. "Mimi."

Hakusema kama mtu aliyekamatwa. Alisema kama mtu aliyeulizwa nani kapika pilau iliyosifiwa.

"Kwa nini, mama?"

"Ati kwa nini! Wageni wanakuja, singa zitoke humu zimepauka kama nywele za aliyeugua surua? Watu waseme chumba hiki hakina wanawake? Nimechemsha mafuta yangu mwenyewe, nikatia asumini yangu na kilua changu mwenyewe, nikazipaka fungu kwa fungu kwa mikono hii. Kitu hakijatoka mkononi mwangu kwenda mbele ya wageni bila mafuta, tangu nimekuwa mtu mzima."

"Na ile gundi yako inanuka kidonda," mwingine akadakia kutoka nyuma. "Tumekusitiri, hutushukuru."

"Mama," nikasema, "mafuta ndiyo yaliyouvunja ubao."

Akanitazama kama nimemwambia maji yamechoma nyumba.

Aliyenijibu si yeye. Ni Praxeda, mwanamke mwembamba, Mkatoliki, mtoto wa manamba waliokuja zamani kukata mkonge. Huyu hasemi mara nyingi, na akisema hapambi.

"Bwana Zebedayo, wewe umewahi kuingia humu ukatueleza singa hizi zinakwenda kufanywa nini? Unakuja, unachukua, unakwenda. Upande wa kamba si wanazitia mafuta kila siku? Sisi tungejuaje kwamba upande wako mafuta ni sumu?"

Nilikuwa nimemweleza Bwana Kosti. Nilikuwa nimewaeleza wageni, na picha nikawachorea. Wanawake walioshika singa hizo kila siku sikuwaeleza neno.

Nikavuta robota, nikakaa.

"Mama Mastura, nyumba yako imejengwa kwa nini?"

"Miti na udongo, kama ya kila mtu. Unataka kunioa?"

Wakacheka wote. Hata mimi.

"Ukikandika udongo mtupu, bila fito?"

"Mvua ya kwanza unalala nje."

"Na fito tupu, bila udongo?"

"Hilo ni zizi la mbuzi."

"Basi hizi singa ndizo fito. Gundi ndiyo udongo. Singa zinazuia ubao usikatike, gundi inazuia singa zisiachane. Nguvu yote iko pale zinaposhikana. Sasa chukua fito zako, zipake mafuta, halafu ukandike."

Akaigeuza mikono yake, akavitazama viganja.

"Udongo utateleza," akasema polepole. Halafu, "Mwanangu, nimekuvunjia nyumba."

"Hukuambiwa, mama."

"Na Mzungu anasemaje?"

"Anataka jina."

Praxeda akajifunga khanga yake puani upya. "Mimi nina watoto. Sifukuzwi kwa mafuta ya mtu. Akiniuliza mimi, nitasema."

Watu wakaguna. Mama Mastura akawanyamazisha kwa mkono. "Mwacheni. Ana haki."

Bwana Kosti alikuwa ofisini, mbele ya kikombe cha kahawa.

"Umepata?"

"Nimepata sababu, bwana. Singa zilikuwa na mafuta. Tukiziosha kwa sabuni na magadi, tukazisuuza vizuri na kuzikausha, ubao utashika."

"Mimi sikuuliza sababu. Nimeuliza jina."

"Sababu itatupa ubao. Jina halitatupa kitu."

Akacheka kidogo. "Wewe unadhani mimi sina pua? Ni mwanamke wa brashi. Mmoja akitoka, wote wanashika adabu. Sikiliza, kijana. Wewe sema, mimi nakufanya msaidizi wangu. Nyumba ya kiwanda, yenye maji ya bomba ndani. Unamleta baba yako anakuja kuona."

Alijua pa kunigusa. Nilimwona baba akiteremka kwenye basi na koti lake la kanisani, anafungua bomba, anafunga, anafungua tena. Nilimwona akirudi Bumbuli na kichwa juu, hana tena haja ya kujibu kwa nini mwanawe hakuwa mwalimu. Neno moja tu lilikuwa limebaki kati yangu na bomba lile.

"Hapana, bwana."

"Hapana nini?"

"Hapana jina. Mkuu wa karakana ni mimi. Kama unatafuta mtu wa kumtoa, huyu hapa mbele yako."

"Wewe nikikutoa, nani atatengeneza ubao?"

"Hilo ndilo ungejiuliza kwanza, bwana."

Mdomo wangu ulinishangaza mwenyewe. Lakini ulikwisha kufunguka, nikaona nisiufunge.

"Tangu vita vya Korea viishe bei ya mkonge imeanguka. Ghala lako limejaa mpaka mlangoni. Reli wanataka kuta za mabehewa, na wewe unaihitaji kazi ya Reli kuliko ninavyoihitaji mimi. Mimi nitakwenda kufundisha, nitakula ugali wangu. Wewe presi utaila?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilingoja anirushie kikombe. Akakiweka chini.

"Jumamosi presi itafanya kazi. Ubao mmoja. Ukivunjika, presi inauzwa, na wewe unatoka. Ukishika, unabaki na karakana yako."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke anatoka, ubao ukivunjika au ukishika. Jina mimi nitalipata tu. Haya, toka."

Kwa hiyo mnaona tulipokuwa. Ubao ukivunjika tunapotea wote wawili. Ukishika, naokoka mimi peke yangu.

Singa ndefu nzuri zilizosalia zilitosha ubao mmoja tu. Nyingine zilikuwa zimekwisha fungwa marobota na kupelekwa bandarini. Tukaziosha katika pipa, sabuni ya mche na magadi, maji tukayamwaga, tukaanza upya. Mama Mastura hakukubali mtu mwingine aguse.

"Nilitia kwa mikono hii, nitatoa kwa mikono hii. Wewe kaa na tone lako la maji, uniambie."

Nikadondosha tone. Likabingirika. "Bado, mama."

"Ala! Mafuta yangu mazuri, eh? Hata katani haitaki kuyaacha."

Tukaosha tena. Mwishoni tone likanywewa, papo hapo, halikuacha hata alama. Chumba cha brashi kikapiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika mpaka Usagara.

Ndipo mvua ya vuli ikaja. Uwanja wote maji. Singa mbichi hazifai kwa presi, kwa sababu maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kuuvimbisha ubao. Laurenti akatufungulia chumba cha boila, penye moto wa kuchemshia mvuke wa presi. Tukazitundika kwenye kamba kama nguo za watoto. Zilizokuwa karibu na boila zilikauka vizuri. Zilizokuwa upande wa mlango nilizishika, nikazishika tena. Zilikuwa kavu. Nilijiambia zilikuwa kavu.

Wanawake wote wa brashi walikuja kusaidia, ila Praxeda. Yeye alisimama mlangoni, akatutazama, akaenda zake nyumbani.

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika, na singa, zimekwisha kupangwa na kutiwa gundi, zilikuwa zimebanwa ndani ya presi. Bwana Noronha alishuka garini na kofia yake ya jua, mtu mfupi mwenye mikono ya fundi.

"Bwana Zebedayo," akasema, "leo niingie na leso puani au nitajipaka na mimi?"

"Leo ingia kama ulivyo, bwana."

Laurenti akazungusha gurudumu la presi. Vyuma vikaachana. Moshi ukatoka, ukatupiga usoni: hospitali tupu. Sijawahi kuipenda harufu ya hospitali namna ile.

Bwana Noronha akaungoja upoe. Akaugonga kwa kidole, ukajibu ko, ko, kama mlango mzuri. Akatoa kisu, akajaribu kukichomeka ukingoni, katikati ya safu na safu. Kikateleza. Akajaribu pembe nyingine. Kikateleza.

"Hm," akasema. Akanitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Sasa uzito. Abiria wa daraja la tatu hawakai kama watakatifu ukutani. Wanaegemea, wanasukumana, wana magunia. Uwekeni juu ya vitu viwili."

"Si humu ndani," nikasema. "Twende uwanjani. Juu ya mtaro."

Mtaro wa maji machafu unapita katikati ya uwanja wa kiwanda, mweusi na mzito, na mvua ilikuwa imeujaza. Bwana Kosti akaniuliza kama nina wazimu.

"Ukivunjika, bwana, nataka kila mtu anione nimelowa."

Tukauweka ubao kingo kwa kingo. Nikavua viatu, nikapanda. Ubao ukashuka kidogo chini yangu, ukasimama. Nikaruka. Ukanirudisha. Upande wa kamba watu wakaanza kutoka kutazama, na mlango wa chumba cha brashi ukajaa khanga.

"Mmoja ameshika," Bwana Noronha akasema. "Natazamia wawili."

"Ngoja kidogo, Noronha," Bwana Kosti akasema. Alikuwa amekwisha kuona kwamba ubao ni mzuri, na sasa alitaka lake. "Kijana. Mbele ya mgeni, mbele ya watu wote hawa. Nani alitia mafuta? Sema, tumalize kwa heshima."

"Nilikwisha kukujibu, bwana."

"Nitauliza kila mwanamke, mmoja mmoja. Mmoja atasema."

"Usimtaabishe mtoto wa watu."

Mama Mastura alikuwa anakuja, anakata uwanja, hana haraka. Akafika mtaroni, akavua kandambili zake, akazipanga vizuri kama anaingia sebuleni kwa mtu.

"Nipe mkono, mwanangu."

Nilimwambia polepole, "Mama, ukipanda amekujua."

"Mimi sijawahi kujificha na mafuta yangu. Nipe mkono."

Akapanda. Yule mama ana mwili, hilo nimekwisha kusema. Ubao ukapinda. Bwana Noronha akachuchumaa kandoni mwa mtaro, akachungulia chini.

"Mafuta nilitia mimi, Mastura binti Shekhe, wa Makorora," akasema kwa sauti ya kuitia watu karamuni. "Na niliyeziosha ni mimi. Haya, Bwana Kosti, tazama kazi yangu ilivyokaa."

Ubao ulikaa. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Bwana Noronha akainuka, akajipangusa magoti.

"Kosti, inatosha. Nauchukua huu huu, leo hii, kwa treni. Wakubwa zangu wauone kwa macho yao. Haya jamani, shukeni."

Bwana Kosti akanyoosha koti lake. Alikuwa anatabasamu.

"Wewe kijana, hongera. Karakana ni yako. Wewe mama, shuka, pita getini, usirudi hapa."

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari unatafuta ardhi. Mkono wa Mama Mastura ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Haukunibana. Ulianza kulegea, kama mtu anayekuachia uende.

Nikaurudisha mguu.

"Hatushuki," nikasema.

"Nini?"

"Hatushuki, bwana. Sema mbele ya Bwana Noronha kwamba Mama Mastura anabaki na kazi yake. Ukisema, tunashuka. Usiposema, ubao uko chini ya miguu yetu, na treni iko stesheni."

"Askari!"

Askari wa getini, mzee wa Kidigo, akaja mbio, akatutazama sisi, akautazama mtaro, akakuna kichwa.

"Bwana, nikiwasukuma hawa, na ubao unakwenda nao. Nisukume?"

"Usisukume!" Bwana Noronha ndiye aliyepiga kelele. Akatoa saa yake mfukoni. "Kosti, mimi siingii katika mambo ya nyumba yako. Lakini bila ubao sina cha kuonyesha, na treni hainingojei mimi."

"Mwanangu," Mama Mastura akaninong'oneza, "shuka. Kazi ya katani nitapata kwingine."

"Mama, nani atanipakia singa mafuta?"

Akacheka, na ubao ukacheka naye chini yetu. Nikamwomba asicheke.

Kutoka stesheni honi ya treni ikalia, ndefu. Bwana Kosti alikuwa amefunga mdomo kama mtu anayetafuna msumari. Ndipo kundi la khanga mlangoni likaachana, akatoka Praxeda.

Alikuwa anakuja moja kwa moja upande wa Bwana Kosti. Niliyakumbuka maneno yake: akiulizwa, atasema.

"Njoo, mama," Bwana Kosti akamwambia. "Wewe una akili. Sasa mkuu wa brashi ni wewe. Waambie wenzako warudi kazini."

Praxeda akampita. Hakumwangalia. Akafika mtaroni, akainama, akaanza kufungua viatu vyake vya raba.

"Wewe una watoto," Mama Mastura akamwambia kutoka juu.

"Ninao," Praxeda akasema. "Leo kafukuzwa aliyepaka mafuta. Kesho atafukuzwa aliyekohoa. Sasa nitawalisha vipi?"

Akanyoosha mguu juu ya ukingo wa ubao, upande wa kushoto.

Wasomaji wangu, mimi ndiye niliyeupanga ubao ule safu kwa safu. Hesabu zangu zilikuwa za watu wawili. Na upande ule wa kushoto, nilijua, ndiko nilikoziweka zile singa zilizokuwa zimetundikwa karibu na mlango, zile nilizozishika, nikazishika tena, nikajiambia zilikuwa kavu.

Praxeda alikuwa ananitazama. Hakuniuliza kama utashika. Alingoja mkono tu.

Honi ikalia mara ya pili. Bwana Kosti akafungua mdomo, na sikujua kama ni kukubali au ni kukataa.

"Panda, mama," nikasema, nikampa mkono.

Akapanda.

Ubao ukalia. Mengine wiki ijayo.